Ayubu Alipopelekwa Nyikani

Masomo: Ayubu 38:39 – 39:30, Zaburi 104:19-24, Marko 1:12-13



Wapendwa wasikilizaji, katekista wa kigango kimoja upande wa Susuni, wilayani Tarime, ameniletea swali, nami nimeona heri nilijibu hapa hewani, maana najua si swali la Susuni peke yake. Watoto wa Kipaimara wa kigango hicho wameomba wapelekwe kuiona Hifadhi ya Serengeti. Katika mafundisho wamefika kwenye sura ya uumbaji, na wamesikia kwamba watu hupanda ndege kutoka Ujerumani na Marekani kuja kuwatazama wanyama walio umbali wa safari ya asubuhi moja kutoka nyumbani kwao, na hali wao wenyewe hawajapata kumwona twiga isipokuwa katika vitabu vya shule. Halmashauri ya kigango ikaketi kulijadili ombi hilo. Wengi waliliunga mkono. Ndipo akasimama mzee mmoja, mkulima na mfugaji, mtu wa sala asiyekosa ibada ya Dominika, akasema: "Mwalimu, mahindi ya dada yangu kule kandokando ya hifadhi yameliwa na tembo misimu miwili mfululizo. Mtoto wa ndugu yangu amefungwa kwa sababu ya paja la nyumbu. Leo mwatuomba tuchange fedha twende tukawatazame hao hao?"

Kikao kikafungwa bila uamuzi. Mwalimu aliponisimulia habari hiyo akaniuliza: "Padre, nimjibu nini mzee wangu huyu?"

Neno la kwanza nililomwambia ni kwamba asiwe na haraka ya kumjibu. Katika Maandiko Matakatifu wamo watu watatu waliokuwa na haraka ya kumjibu mtu aliyepata hasara, na mwisho wao haukuwa mzuri. Hao ni rafiki zake Ayubu. Walipofika kwake waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na naweza kusema kwamba hizo siku saba ndizo kazi njema kuliko zote walizoifanya. Walipofungua vinywa wakaanza kumweleza kwa nini yamempata yaliyompata, wakaiharibu faraja yao yote. Mwishoni mwa kitabu Mungu mwenyewe awakasirikia, awaambia hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, nao walazimika kumwomba huyo huyo Ayubu awaombee. Ayubu aliyelalamika ahesabiwa kuwa amenena sawa. Wao waliomtetea Mungu wahesabiwa kuwa wamekosa. Nawasihi makatekista wenzangu wasisahau jambo hilo wanapomkabili mtu ambaye shamba lake limekanyagwa usiku mmoja. Mzee yule wa Susuni hakukufuru. Alisema kweli aliyoiona.

Sasa tumtazame Ayubu alikuwa nani. Alikuwa mfugaji. Alikuwa na kondoo, ngamia, jozi za ng'ombe wa kulimia na punda, na siku moja wakaja watu wenye silaha wakawateka ng'ombe na punda, wakawaua wachungaji. Kundi lingine likawachukua ngamia. Watu wa Tarime na Serengeti hawana haja ya padre kuwaeleza maana ya kuamka asubuhi ukakuta zizi liko wazi na nyayo zimeelekea mpakani. Kisha wakafa watoto wake, kisha mwili wake ukashikwa na majipu. Katika sura nyingi zinazofuata Ayubu amwita Mungu aje ajibu: kwa nini?

Naye Mungu aja, katika upepo wa kisulisuli. Lakini hamwelezi Ayubu sababu hata moja. Hamwambii kwamba alijaribiwa, wala hamwahidi kwamba atarudishiwa mali. Kwanza amwonyesha misingi ya dunia, bahari, nyota na mvua. Kisha ampeleka nyikani kutazama wanyama.

Naomba mkisome kifungu hicho polepole leo jioni nyumbani, kuanzia mwisho wa sura ya 38. Mungu ampitisha Ayubu kutoka mnyama hadi mnyama, kama vile mwenyeji ampitishavyo mgeni katika mji wake. Amwonyesha simba jike na watoto wake walioko mafichoni. Amwonyesha makinda ya kunguru yanayolia kwa njaa. Amwuliza kama ajua miezi ya mimba ya mbuzi wa majabalini, na kama alipata kuwaona wakizaa. Amwonyesha punda mwitu, asiyejali kelele za mji wala sauti ya msimamizi. Amwonyesha nyati, akimwuliza kwa namna ya utani kama mnyama huyo atakubali kulala zizini kwake au kumlimia mabonde. Amwonyesha mbuni, atagaye mayai mchangani akasahau kwamba mguu waweza kuyaponda, na hali akianza kukimbia humcheka farasi na mpanda farasi wake. Kisha mwewe na tai.

Ni kitu gani kinachowaunganisha wanyama hao? Ukimwacha farasi wa vita, hakuna hata mmoja wao aliye mali ya mtu. Hawakamuliwi, hawatolewi mahari, hawalimi, hawabebi mzigo. Sisi tuliokulia ng'omboni tumezoea kumpima mnyama kwa maziwa yake, kwa nguvu zake katika jembe la kukokotwa, na kwa idadi ya mahari. Ayubu naye alikuwa hivyo. Mungu amchukua mtu aliyepoteza wanyama wake wote, amwonyesha wanyama ambao hawakuwa wake kamwe, ambao Mungu huwalisha, huwazalisha na huwafurahia bila kumshauri mtu yeyote. Na Ayubu, akiisha kuwaona, anyamaza. Haambiwi kwamba hasara yake si kitu. Aonyeshwa kwamba yupo Bwana ambaye uangalizi wake ni mpana kuliko zizi la Ayubu, na kwamba Bwana huyo ameacha shughuli zote akaja kuzungumza naye.

Kwa hiyo, wapendwa, watoto wa Susuni hawajaomba jambo geni. Wameomba kupelekwa darasani mahali pale pale Mungu alipompeleka Ayubu.

Nao watakuta darasa kubwa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763, na tangu mwaka 1981 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani yake na kuizunguka hutembea nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala kwa malaki. Huifuata mvua na majani mabichi mwaka mzima: mwanzoni mwa mwaka wako kusini kwenye nyanda fupi za majani, na huko majike huzaa, mwezi Mei na Juni hupanda kuelekea magharibi na kaskazini, kuanzia Julai hadi Oktoba wengi wao wako upande wa Mto Mara na kuvuka mpaka wa Kenya, mvua za vuli zikianza hurudi kusini. Hawana ramani wala kiongozi. Ndama wengi huzaliwa ndani ya majuma machache tu, mwezi wa pili hasa, hata fisi na simba hushiba na bado ndama wakabaki. Ndama huyo husimama dakika chache baada ya kuzaliwa, na muda si mrefu aweza kukimbia pamoja na mama yake. Mungu alipomwuliza Ayubu kama alihesabu miezi ya mimba ya mbuzi wa majabalini, angeweza kumwuliza habari za nyumbu vilevile.

Wala msidhani kwamba huko ni bustani isiyo na kifo. Mto Mara, utokao katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita katika hifadhi, kisha huja kwenu, ukapita chini ya daraja mnalovuka mwendapo Mugumu, hata kumwagikia katika Ziwa Viktoria. Nyumbu wanapouvuka mto huo wengi huzama. Watafiti waliohesabu mizoga walitoa taarifa mwaka 2017 kwamba kwa wastani hufa maji zaidi ya 6,000 kila mwaka. Waliona pia kwamba mizoga hiyo huwalisha mamba, samaki, tumbusi na kongoti, na kwamba mifupa inayobaki chini huendelea kuurutubisha mto kwa miaka. Basi samaki wa Mto Mara ana sehemu yake katika msiba wa nyumbu. Mimi sitaki kuwa mwepesi wa kufanya fumbo la dini kutokana na jambo hilo. Nasema tu kwamba Zaburi ya 104, ile inayomsifu Mungu kwa kazi zake, haiwafichi simba. Yasema kwamba wananguruma usiku wakimwomba Mungu chakula chao, na jua likichomoza wanarudi kulala mapangoni, naye mwanadamu anatoka kwenda kazini hata jioni. Mzaburi ameona mgawanyo wa zamu: usiku ni wa simba, mchana ni wa mkulima, na Mungu ni mmoja kwa wote wawili.

Hapo najua mzee wangu atanikatiza. Atasema: Padre, zaburi yako ni nzuri, lakini tembo hakuisoma. Zamu yake ni usiku, naye huutumia usiku huo katika mahindi ya dada yangu.

Ni kweli. Mtu wa Mungu asiyekiri jambo hilo asiende kuhubiri Mugumu. Watu wanaoishi kandokando ya hifadhi ndio wanaobeba gharama ya kitu ambacho dunia nzima yakisifu. Wapo ambao mababu zao waliwinda, walirina asali, waliishi na kuzikwa katika ardhi ambayo leo hawaruhusiwi kuingia bila kibali. Waikoma wa Robanda wanayo hata sasa jozi ya pembe za tembo iitwayo Machaba, waliyoipata kwa Watatoga, wakaiheshimu kama alama ya baraka na uzazi wa watu wao. Watu wa namna hiyo hawakuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba mnyama wa porini ana heshima. Hata katika koo za Wakurya wapo wanyama wa heshima. Watoto wakamwulize babu, wa ukoo wao ni yupi.

Serikali imeweka utaratibu wa kuwalipa walioumizwa na wanyama. Watu wameupa majina mazuri: kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kanuni zake ni za mwaka 2011. Lakini majina yenyewe yasema kweli kwamba hayo si malipo kamili. Jasho lafutwa tu, mavuno hayarudi. Kudai haki hiyo kwa njia halali, kumwita ofisa wa kijiji mapema aje aone uharibifu, kuandika majina na ekari, si uchokozi wala si dhambi. Katekista ajuaye kuandika aweza kufanya tendo la huruma kwa kumwandikia barua mama asiyejua. Hali kadhalika ziko njia za kuwazuia tembo zilizokwisha kujaribiwa: kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuuzunguka mpaka wa shamba, maana mnyama huyo mkubwa humwogopa nyuki.

Mzee aligusa pia kifungo cha mtoto wa ndugu yake. Hapa nitasema kwa upole, lakini nitasema. Kuna tofauti kati ya mtu mwenye njaa anayetega waya na mtu anayefanya biashara ya pembe za ndovu. Huyo wa pili ametuibia sote: kwa hesabu zilizofanywa nchini, tembo wa Tanzania walishuka kutoka karibu 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Hayo hayakuletwa na njaa. Huyo wa kwanza tumwonee huruma. Walakini waya wake hauna huruma. Hauchagui kati ya dume na jike mwenye mimba, na mnyama aukataye akaenda nao shingoni huoza akiwa hai. Hata Torati, ilipomruhusu mtu kuchukua makinda kiotoni, ilimkataza kumchukua na mama yao, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22. Nimefurahi kusikia kwamba tangu mwaka 2017 kipo kikosi kinachozunguka Serengeti kuondoa nyaya hizo, na kwamba baadhi ya waliomo ni watu waliokuwa wakitega. Wao ndio wanaojua zinakofichwa.

Liko jambo moja ambalo wachache hulisimulia, nami ningependa mzee wangu alisikie kwa kuwa yeye ni mfugaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki. Ng'ombe walikufa karibu wote, na nyati na nyumbu nao wakafa, na watu wakafa kwa njaa. Ugonjwa huo ukabaki katika nchi kwa miongo mingi, na kila mwaka ukawaua ndama wa nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni tu. Ni nini kilichowaongeza hata wakapita milioni moja kabla ya mwaka 1980? Hakuna aliyewachanja nyumbu. Waliochanjwa ni ng'ombe. Wafugaji wa kuizunguka Serengeti walipowapeleka ng'ombe wao kwenye chanjo, sotoka ikakosa mahali pa kukaa, ikatoweka kwa ng'ombe na kwa nyumbu pia. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani kote. Hayo makundi ambayo wageni huja kuyapiga picha ni tunda la vijana waliowashika ng'ombe pembe wakati wa kuchanja. Ubaya nao hupita njia hiyo hiyo: mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliwaua simba wa Serengeti wapatao theluthi moja, na tangu miaka ile mbwa wa vijijini huchanjwa. Zizi lako na mbuga vina pumzi moja. Kwa hiyo mzee, uendapo Serengeti, hutakwenda kama mtu atazamaye mali ya jirani kupitia ua.

Nirudi kwenye fedha, kwa sababu hoja hiyo ni halali. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2415 hadi 2418, yafundisha mambo mawili pamoja: kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu wanaostahili wema wetu na hawapaswi kuteswa bure, na kwamba haifai kutumia kwa ajili yao fedha ambazo kwanza zingepaswa kuondoa dhiki ya watu. Halmashauri na iyashike yote mawili. Kama kigangoni yupo mjane asiye na paa au mgonjwa asiye na nauli ya hospitali, mfuko wa matendo ya huruma usiguswe hata shilingi. Safari ichangiwe na wazazi wanaoweza, na watoto wenyewe wafanye kazi: wavune kwa ujira, wasombe matofali, wauze ndizi. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo mno kuliko alipacho mgeni kutoka nje, na mtoto hulipa kidogo zaidi. Gharama kubwa itakuwa gari.

Njia mwaijua: kutoka Susuni hadi Tarime mjini, kisha Nyamwaga na Nyamongo, mkavuke Mto Mara, mkafika Mugumu, na kutoka hapo lango la Ikoma si mbali. Likizo ya mwezi wa sita yafaa, kwa kuwa makundi ya nyumbu huwa upande huo wa magharibi kabla ya kupanda kaskazini.

Ushauri wangu mwingine ni kwamba sehemu ya siku hiyo watoto watembee kwa miguu. Ndani ya gari mtu huona wanyama kama aonavyo sinema. Akishuka, ajua kwamba yeye naye ni kiumbe. Jambo hili halifanywi kiholela. Hifadhini haturuhusiwi kushuka na kutembea tupendavyo: lazima kuomba mapema ofisini, kutembea mahali palipopangwa, mbele yenu akitangulia askari wa wanyamapori mwenye silaha, na si kila umri unaokubaliwa. Ikishindikana humo, waulizeni watu wa Ikona, ile jumuiya ya uhifadhi ya vijiji vitano vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Nata-Mbiso na Makundusi, ambavyo vimetenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama na hupata sehemu ya mapato ya utalii. Huko mtamlipa mwanakijiji mwenzenu.

Atembeaye kwa miguu huenda kwa mstari mmoja, kimya, akiuelekea upepo ili harufu yake isimtangulie. Hakimbii hata iweje. Nguo nyeupe za Kipaimara zibaki nyumbani, na za buluu na nyeusi pia, maana rangi hizo huwavuta mbung'o. Hataona simba wengi, pengine hataona hata mmoja. Ataona mambo ambayo gari huyapita. Ataona kinyesi cha fisi kilivyo cheupe kwa sababu ya mifupa aliyoitafuna, na kinyesi cha tembo chenye mbegu zilizoanza kuchipua. Ataona nyamera amesimama peke yake juu ya kichuguu kama mlinzi, akitazama mbali. Penye majabali ataona pimbi wakiota jua, wale ambao Kitabu cha Mithali, sura ya 30, chawataja kuwa wadogo na dhaifu lakini wenye akili ya kujenga makao mwambani. Wataalamu wasema huyo pimbi, mwenye umbo la sungura asiye na masikio, ni miongoni mwa ndugu wa karibu wa tembo walio hai leo. Nadhani watoto watacheka sana, nao wanayo haki ya kucheka. Mungu naye alitania alipomweleza Ayubu habari za mbuni.

Mwalimu asihubiri huko. Nasema hivi kwa kuwa nawajua makatekista wetu: wakiona watoto wamekaa kimya, huona kwamba nafasi ya mafundisho imepatikana. Asome tu sura ya 39 ya Ayubu, mara moja, kwa sauti, kisha anyamaze kama Ayubu. Kama ataongeza neno, awakumbushe mstari mmoja ambao ni Marko peke yake kati ya Wainjili aliyeuandika: kwamba Bwana wetu, baada ya kubatizwa na kabla ya kuanza kuhubiri, alikaa nyikani siku arobaini pamoja na wanyama wa mwitu, na malaika wakamtumikia. Marko hasemi kwamba aliwafuga wala kwamba aliwafukuza. Asema alikuwa pamoja nao.

Sasa jibu kwa mzee. Mwalimu, usimpelekee maneno yangu haya kama hukumu iliyotoka kwa padre. Nenda nyumbani kwake jioni, uketi, unywe uji atakaokupa, usikilize tena habari za mahindi ya dada yake hata aimalize. Mwulize kama ile taarifa ya kifuta jasho ilipelekwa. Kama haikupelekwa, iandikeni hapo hapo. Mwulize mtoto wa ndugu yake yuko gereza gani, na kama kuna mtu wa kigango aliyekwenda kumwona. Hilo la gereza lisisubiri safari ya Serengeti. Lifanyike juma hili.

Kisha mwambie kwamba watoto wahitaji mtu mzima wa kwenda nao, mtu ajuaye kusoma nyayo, ajuaye majina ya miti kwa Kikurya, aliyepata kuchunga na kulala nje. Vijana wetu wa leo hawajui unyayo wa swala na wa mbuzi vinatofautianaje. Mwombe yeye. Akikataa, usimsukume, mshukuru kwa uji, uage. Akikubali, apewe kiti cha mbele karibu na dereva kwa sababu ya magoti yake, na asidaiwe mchango. Mfikapo daraja la Mto Mara, msimame kidogo, yeye ndiye awaongoze watoto katika sala, kwa maneno yake mwenyewe, na akitaka kumwambia Mungu habari za tembo mbele ya watoto, mwacheni aseme.

Mwenyezi Mungu awabariki ninyi nyote mnaonisikiliza, na mifugo yenu, na mashamba yenu: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.